Filbert Bayi, Mkimbiaji wa Karatu

1. Nchi aliyozaliwa

Upande wa kaskazini wa Tanzania, kati ya Ngorongoro na Ziwa Eyasi, iko wilaya ya Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Nchi hii si tambarare. Chini, katika bonde la Ziwa Eyasi, iko kata ya Baray, penye jua kali na vumbi na miti ya migunga. Juu, penye udongo mwekundu na baridi ya asubuhi, uko mji wa Karatu, ambao uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mtu atokaye Baray kwenda Karatu hupanda mamia ya mita, na asiyezoea hupumzika mara nyingi njiani, akishika kiuno na kuvuta pumzi.

Wenye elimu ya mwili watuambia kwamba hewa ya nchi za juu ni nyepesi kuliko hewa ya pwani. Mtu akaaye juu, damu yake hujizoeza kuchukua hewa kwa bidii, na mapafu yake na moyo wake huzoea kazi. Tena watoto wengi wa nchi hii, tangu zamani, wamekuwa wakienda shule kwa miguu na kuchunga ng'ombe na mbuzi wa baba zao, kupanda na kushuka, kila siku ya Mungu. Basi si ajabu kwamba nchi ya Karatu na Mbulu imetoa wakimbiaji wengi hodari.

Lakini angalieni, wanafunzi: milima peke yake haimfanyi mtu kuwa bingwa. Maelfu ya watu wamepanda njia zile zile, wamevuta hewa ile ile, wala hawakujulikana nje ya vijiji vyao. Katika somo hili tutasoma habari za mtu mmoja wa Wairaqw, Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu tarehe 23 Juni 1953. Tutaona jinsi alivyokimbia, alivyoshinda, na alivyoshindwa. Maana katika hayo yote yamo mambo ya kutufundisha.

2. Mbio za mita 1,500 zilivyo

Ili tuelewe kazi ya Bayi, yatupasa kwanza kuelewa mbio zenyewe. Uwanja wa mbio una njia ya mviringo, na mzunguko wake mmoja ni mita 400. Basi mtu akimbiaye mita 1,500 huzunguka mara tatu na robo tatu. Mbio hizi si fupi hata mtu aweze kutoa nguvu zake zote tangu mwanzo, wala si ndefu hata aweze kwenda polepole. Ndiyo maana ni ngumu, nazo zahitaji akili pamoja na miguu.

Mfano wake ni kama mkulima wa vitunguu wa bonde la Eyasi, aliyepewa zamu yake ya maji ya mfereji kwa saa chache tu. Akiyafungulia yote katika matuta ya kwanza, matuta ya mwisho yatakauka. Akiyabania mno mwanzoni, zamu yake itakwisha maji yakingali mferejini, naye hatapata faida yake. Vivyo hivyo mkimbiaji: nguvu zake ni maji yake, na mita 1,500 ni shamba lake. Yampasa kuzigawa nguvu zile hata zitoshe, wala asirudi nyumbani na nguvu ambazo hakuzitumia.

Tena liko jambo la upepo. Mtu akimbiaye mbele hupasua hewa kwa kifua chake, na wale wamfuatao nyuma hupata nafuu, kama ndama afuataye nyuma ya mamaye katika upepo wa vumbi. Kwa sababu hiyo wakimbiaji wengi hawapendi kutangulia. Kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake, akimwangalia na kungoja. Ukifika mzunguko wa mwisho, ndipo wote huchomoka kwa nguvu, na yule aliyehifadhi mbio nyingi zaidi ndiye ashindaye.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wengi. Bayi hakuifuata. Yeye alikuwa akiondoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha wenziwe nyuma kwa mbali, akakimbia peke yake, akiupasua upepo peke yake, huku kundi zima likimwinda nyuma. Watu waliomwona mara ya kwanza walidhani kwamba hajui kazi yake. Walisema, "Huyu atachoka, ngojeni kidogo mtamwona." Nasi katika Kiswahili tuna methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini haraka ya Bayi haikuwa haraka ya mtu asiyefikiri. Alikuwa amejizoeza kwayo, akaipima, akajua kiasi gani mwili wake waweza kuchukua. Aliye mbele huiona njia yake wazi; hakuna wa kumpiga kiwiko wala kumziba. Kila njia ina gharama yake na faida yake, naye alikuwa amechagua.

3. Kutoka Munich hata Lagos

Mwaka 1972 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Munich, katika nchi ya Ujerumani. Bayi alikuwa na umri wa miaka 19. Tanzania ilimpeleka huko, naye akaingia katika mbio za namna mbili: mita 1,500, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika zote mbili aliondolewa katika mashindano ya kwanza. Alirudi nyumbani bila nishani.

Wako vijana ambao wangaliishia hapo. Wangalisema, "Nimekwenda, nimeona, wazungu na Wakenya ni hodari kuliko mimi, basi." Bayi hakusema hivyo. Miezi michache tu baadaye, mwezi wa Januari 1973, Michezo ya Afrika ilifanyika mjini Lagos, Nigeria. Huko alikuwako Kipchoge Keino wa Kenya, mtu aliyejulikana dunia nzima. Keino ndiye aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na huko Munich alikuwa amepata nishani ya fedha katika mbio zile zile na ya dhahabu katika kuruka viunzi na maji. Hata hivyo, Lagos, kijana wa Karatu alimtangulia Keino na kuichukua dhahabu.

Tangu siku ile watu wa michezo walianza kuuliza Tanzania iko wapi, na huyu Bayi ni nani.

4. Siku ya Christchurch

Mwaka uliofuata, nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana kwa michezo katika mji wa Christchurch, New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali sana kusini mashariki. Fainali ya mita 1,500 ilikimbiwa tarehe 2 Februari 1974. Ilikuwa fainali yenye watu hodari ajabu. Alikuwako Ben Jipcho wa Kenya. Walikuwako pia vijana wawili wa New Zealand, John Walker na Rod Dixon, nao walikuwa wakikimbia katika nchi yao, mbele ya watu wao waliowashangilia.

Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa ya Jim Ryun, Mmarekani, ambaye mwaka 1967 alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 33.1. Rekodi hiyo ilikuwa imekaa karibu miaka saba bila kuguswa.

Bastola ikalia. Bayi, kama desturi yake, akatoka mbele mara moja. Mzunguko wa kwanza ukaisha, yeye mbele. Wa pili ukaisha, yeye mbele, na nafasi kati yake na wengine ilikuwa kubwa. Watu waliokuwa wakitazama walijua kwamba sasa ndipo atakapochoka. Katika mzunguko wa mwisho kundi likaanza kumkaribia. Walker akachomoka, akaja kwa nguvu, hatua kwa hatua, na uwanja wote ukapiga kelele kwa ajili ya kijana wao. Bayi alikuwa peke yake mbele, hana wa kumkinga upepo, na nyayo za mtu zikisikika nyuma yake.

Lakini nguvu zake zilikuwa zimegawanywa vizuri. Hakupunguza mwendo. Alikata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia. Walker alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.52, na Jipcho akawa wa tatu kwa dakika 3 na sekunde 33.16.

Sasa fikirini kidogo juu ya Walker. Yeye naye aliikimbia mita 1,500 kwa upesi kuliko rekodi ya zamani ya Ryun. Siku nyingine yoyote angalikuwa mshindi wa dunia. Siku ile alikuwa wa pili. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.36 tu, yaani muda mfupi kuliko kupiga makofi mara mbili. Mtu apitaye kwa mwendo ule huenda mita 7 hivi kila sekunde. Basi nafasi kati ya dhahabu na fedha ilikuwa kama mita mbili na nusu, baada ya kukimbia mita 1,500.

Rekodi ya dunia ya Bayi ilikaa hata mwaka 1979, alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza. Na muda ule wa Christchurch, kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, ulikaa miaka 48. Ulivunjwa mwaka 2022 katika mji wa Birmingham na Oliver Hoare wa Australia. Vijana waliokimbia siku hiyo walikuwa hawajazaliwa Bayi alipouweka.

5. Mbio za maili

Waingereza na Wamarekani wanaipenda sana maili moja, ambayo ni mita 1,609. Hapo pia Ryun alikuwa na rekodi ya mwaka 1967, dakika 3 na sekunde 51.1. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaika, Bayi aliikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Aliipita rekodi ya zamani kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jambo dogo sana, mtasema; kweli ni dogo, lakini katika miaka minane hakuna mtu duniani aliyeliweza.

Hata hivyo furaha ile haikudumu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, John Walker alikimbia maili katika mji wa Gothenburg, Sweden, kwa dakika 3 na sekunde 49.4. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50.

Basi dunia nzima ikawa inangoja jambo moja. Watu hawa wawili, Mtanzania na mtu wa New Zealand, mmoja mwenye rekodi ya mita 1,500, mwingine mwenye rekodi ya maili, wangekutana mwaka 1976 katika Olimpiki ya Montreal, Kanada. Kila mtu apendaye mbio alitaka kujua ni nani kati yao aliye bora.

6. Jambo lililotokea mwaka 1976

Wakati ule nchi ya Afrika ya Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Watu weusi walikuwa wengi, lakini hawakuruhusiwa kupiga kura, wala kukaa mahali walipopenda, wala watoto wao kusoma pamoja na watoto wa wazungu. Mwezi wa Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walitoka kuandamana kuipinga elimu waliyolazimishwa, wakapigwa risasi, na wengi wakafa. Baadhi yao walikuwa wa umri kama wenu.

Mwaka ule ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika ya Kusini kucheza. Nchi za Afrika zilikasirika. Zilisema kwamba kucheza na serikali ile ni kuipa heshima, nazo zikadai kwamba New Zealand isiruhusiwe kushiriki Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakisema kwamba raga haimo katika michezo yao. Ndipo nchi zaidi ya 20, zilizo nyingi za Afrika, zikajitoa. Tanzania ilikuwa mojawapo.

Hivyo Bayi hakukimbia Montreal. Walker alikimbia, akashinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17.

Msomaji atalinganisha hesabu, naye ataona kwamba muda huo ni mrefu kuliko muda wa Bayi wa Christchurch kwa sekunde 7. Je, twaweza kusema kwamba Bayi angalishinda? Hatuwezi. Kwanza, mbio za kungojana huenda polepole, wala hazionyeshi nguvu zote za mshindi. Pili, Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo ile, na malaria huondoa nguvu za mtu hata kama ni bingwa wa dunia. Mtu mwenye haki hasemi kwamba ameshinda mbio ambazo hakukimbia.

Lakini yatupasa kuona gharama ya jambo lile. Walker hakuwa mchezaji wa raga, wala Bayi hakuwa na ugomvi naye. Kijana wa miaka 23, katika siku za nguvu zake, alikosa nafasi ambayo huja mara moja kwa miaka minne. Tanzania iliamua kwamba uhai na heshima ya watu wa Afrika ya Kusini ni jambo kubwa kuliko nishani. Ubaguzi ule ulikwisha. Mwaka 1994 watu wa rangi zote walipiga kura pamoja katika nchi ile. Waliosaidia kuuondoa walikuwa wengi, na kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Wengine walitoa maisha yao. Wakimbiaji walitoa mbio zao.

7. Edmonton na Moscow

Mwezi wa Julai 1978 Bayi alishinda tena mita 1,500 katika Michezo ya Afrika, safari hii mjini Algiers. Mwezi uliofuata alikwenda Edmonton, Kanada, kuitetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola. Alishindwa na David Moorcroft wa Uingereza kwa sekunde 0.11, akapata fedha. Na mtu wa tatu, John Robson wa Scotland, alikuwa nyuma ya Bayi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Miaka minne na nusu mapema Bayi alikuwa amemshinda mtu kwa nafasi ndogo. Sasa yeye naye alishindwa kwa nafasi ndogo kuliko ile.

Mwaka 1980 Olimpiki ilifanyika Moscow, Urusi. Bayi alikuwa na miaka 27, naye alichagua mbio ambazo Munich zilimshinda: mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mbio hizi ni za taabu nyingi. Mkimbiaji huruka viunzi mara 28, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91, tena ni kizito, hakianguki kikiguswa. Mara 7 huruka kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake, akatoka na viatu vilivyolowa, akaendelea.

Katika fainali, tarehe 31 Julai, Bayi alifanya kama alivyofanya siku zote. Alitoka mbele, akawaacha wenziwe kwa mbali. Nyuma yake alikuwako Bronisław Malinowski wa Poland, mtu mwenye subira, ambaye miaka minne mapema, huko Montreal, alikuwa wa pili katika mbio zizi hizi. Malinowski hakufadhaika. Alimfuata Bayi polepole, akiipunguza nafasi. Katika mzunguko wa mwisho alimfikia, akampita karibu na dimbwi la mwisho la maji. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi kwa dakika 8 na sekunde 12.48, na Eshetu Tura wa Ethiopia akawa wa tatu kwa sekunde 13.57 baada ya dakika ya nane.

Ile fedha ya Bayi ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Tanzania. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hata Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha, Tanzania ilikuwa haijapata nishani ya tatu.

Alipoacha kukimbia, Bayi hakuacha kazi ya michezo. Kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, tena alianzisha shule ili watoto wapate elimu na michezo pamoja.

8. Mwenziwe wa Mbulu

Tukitaja wakimbiaji wa nchi hii, si vema kumsahau John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Yeye alikimbia marathoni, yaani mbio za kilometa 42 na zaidi, katika Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Wengine waliochoka waliacha. Akhwari alifungwa kitambaa, akaendelea, mara akitembea, mara akikimbia kwa kuchechemea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani jua limekwisha kuchwa na watu wengi wamekwisha kwenda zao, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, bali amalize. Akhwari hakuwa mkimbiaji dhaifu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Lakini watu wa dunia humkumbuka kwa siku ile aliyofika wa mwisho.

9. Tunajifunza nini

Mtume Paulo, katika nyaraka zake, aliyafananisha maisha ya Mkristo na mbio za uwanjani. Wasikilizaji wake walizijua mbio, nao walielewa. Sisi tukaao katika nchi ya wakimbiaji twaweza kuelewa zaidi.

Bayi alikimbia mbele, na kwa njia hiyo alishinda Christchurch. Alikimbia mbele Moscow, na kwa njia hiyo hiyo alipitwa. Njia ilikuwa moja. Matunda yalikuwa mawili. Basi tusiseme kwamba kutangulia ni kwema siku zote, wala kwamba ni kubaya. Tuseme kwamba mtu ajue nguvu zake, achague njia yake kwa akili, kisha aifuate kwa moyo wote, na matokeo yakija, ayapokee. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Bayi aliondolewa Munich, akarudi. Alizuiwa Montreal, akarudi. Alishindwa Edmonton, akarudi, na Moscow akaipatia nchi yake nishani yake ya kwanza, katika mbio zile zile zilizomwaibisha akiwa kijana.

Wengi wenu hamtakimbia Olimpiki. Lakini kila mmoja ana shamba lake na zamu yake ya maji. Mwanafunzi aliyepewa miaka ya shule ya msingi aangalie asiyamwage yote katika mwaka wa kwanza kwa kiburi, wala asilale mpaka mwaka wa mwisho akidhani atachomoka ghafula na kuwapita wenziwe. Na siku atakayoanguka, kama Akhwari, ainuke, afunge jeraha lake, amalize.

Maswali

1. Eleza kwa nini wakimbiaji wengi hupenda kukimbia nyuma ya wenzao. Bayi alifanyaje?

2. Mfano wa mkulima wa vitunguu watufundisha nini juu ya nguvu za mkimbiaji?

3. Geuza dakika 3 na sekunde 32.16 ziwe sekunde tupu. Kisha tafuta Bayi alikimbia kila mzunguko wa mita 400 kwa sekunde ngapi, kwa wastani.

4. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba Bayi angalishinda Montreal? Taja sababu mbili.

5. Je, Tanzania ilifanya vema kujitoa katika Olimpiki ya mwaka 1976? Andika mawazo yako kwa sentensi sita, ukiwakumbuka wanafunzi wa Soweto na ukimkumbuka Bayi pia.

6. Akhwari alimaliza nyuma ya Mamo Wolde kwa muda gani?

7. Eleza maana ya methali, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," kwa kutumia habari za Bayi au za mtu wa kijiji chako.